Likizo ya msimu wa kahawa: pumziko na malezi ya imani Bugene

Likizo ya katikati ya mwaka katika shule za Tanzania huanguka mwezi Juni, na wanafunzi hurudi darasani Julai. Bugene, wilayani Karagwe, ndiko inakofikia barabara ya lami ya takriban kilomita 59 kutoka Kyaka, na hapo Omurushaka ndipo inapoanza njia ya Kyerwa hadi mpakani Murongo. Juni ni mwezi wa kiangazi katika ukanda huu. Mvua za masika zimekwisha, kahawa imeiva, na kila familia yenye mibuni inahesabu mikono ya kuchuma na jua la kuanikia. Wanafunzi wa bweni hushuka na matranka yao katika wiki ambazo wazazi hawana hata nafasi ya kukaa. Ulaya likizo ndefu ya shule huja wakati wa joto, wengi wakienda mapumzikoni. Karagwe na Kyerwa likizo huja wakati wa mavuno, na kwa familia ya Kikatoliki hali hiyo inazua swali la malezi: mtoto amerudi nyumbani afanye nini, na imani yake itakua au itadumaa katika wiki hizo?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba likizo ni sehemu ya malezi ya imani sawa na mafundisho ya katekisimu, na kwamba imani haipati nafasi ya kuota mizizi mahali ambapo hakuna pumziko. Pumziko hilo halijileti. Lazima lilindwe dhidi ya kazi isiyo na mpaka, masomo ya ziada yasiyo na mwisho, na siku tupu zisizo na mwelekeo. Wa kulilinda ni wazazi, jumuiya na parokia.

Pumziko ni amri

Katika mapokeo ya Kikristo pumziko halikuanza kama starehe. Kitabu cha Mwanzo kinamwonyesha Mungu akipumzika siku ya saba na kuibariki. Katika Amri Kumi, zilizoandikwa mara mbili katika Maandiko, amri ya kuitakasa siku hiyo inatolewa kila mara kwa sababu yake. Kitabu cha Kutoka kinaitegemeza juu ya uumbaji: Mungu alipumzika, hivyo mwanadamu naye apumzike. Kumbukumbu la Torati kinaitegemeza juu ya ukombozi: Waisraeli walikuwa watumwa Misri, hivyo wasimgeuze mwingine kuwa mtumwa. Ndiyo maana amri inawataja mwana na binti, mtumishi, mgeni, hata ng'ombe na punda. Inawalinda kwanza wale wasio na uwezo wa kujipangia ratiba, na mtoto wa mkulima ni mmoja wao.

Injili ya Marko inasimulia mitume waliporudi kutoka kuhubiri. Watu walikuwa wengi wakija na kuondoka hata mitume wakakosa nafasi ya kula. Yesu hakuwaongezea kazi. Aliwaita kando, mahali pa faragha, wapumzike. Kazi yao ilikuwa takatifu, na bado ilihitaji kukatishwa.

Wakristo walihamishia siku yao kuu kwenye Dominika kwa sababu ya ufufuko. Mwaka 321 Kaizari Konstantino aliagiza mahakama na kazi za mjini zisimame siku hiyo, lakini akawaruhusu wakulima kuendelea na kazi, kwa hoja kwamba hali ya hewa inayofaa ikipita huenda isirudi. Mvutano kati ya Dominika na shamba, kwa hiyo, haukuanzia Karagwe. Sheria ya Kanisa inayotumika sasa, iliyotangazwa mwaka 1983, inamtaka mwamini ashiriki Misa siku ya Dominika na ajiepushe na shughuli zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo, na mapumziko ya akili na mwili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaongeza kwamba mahitaji ya kweli ya familia yanaweza kumwondolea mtu wajibu wa kupumzika, ila inaonya kwamba udhuru usigeuke mazoea. Papa Yohane Paulo II alilipa jambo hili waraka mzima, *Dies Domini*, wa tarehe 31 Mei 1998.

Mafundisho hayo yanaeleweka vizuri kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Mvua isiyotarajiwa ikianza kudondoka Dominika mchana, familia inayokimbilia kukusanya kahawa iliyoanikwa haijavunja amri. Inaokoa riziki ya mwaka mzima. Mzazi anayepanga tangu Jumamosi kwamba Dominika zote za Juni ni za kuchuma, kwa kuwa watoto wapo na hawalipwi, yuko mahali pengine kabisa. Huyo hajapatwa na dharura. Ameifuta siku ya Bwana kwenye kalenda ya nyumba yake, na watoto wanajifunza bila kuambiwa kwamba Mungu hupewa muda unaobaki baada ya magunia kujaa.

Kazi inayolea na kazi inayochosha

Hoja ya pumziko si hoja dhidi ya kazi. Mtoto wa Bugene anayerudi likizo na kukataa kushika jembe au kapu hajalelewa vizuri. Yesu mwenyewe aliishi miaka ipatayo thelathini Nazareti kabla ya kuanza kuhubiri, katika nyumba ya fundi. Papa Paulo VI alipofika Nazareti tarehe 5 Januari 1964 alisema mji huo ni shule yenye masomo matatu: ukimya, maisha ya familia, na kazi. Masomo hayo yanaenda pamoja. Kazi ikimeza ukimya na familia, haimlei mtu tena.

Kuchuma kahawa pamoja kunaweza kuwa nafasi nzuri kuliko nyingi za baba kuzungumza na kijana wake aliyekuwa bweni miezi mitano. Mikono inachuma, mdomo uko huru. Mambo ambayo kijana hawezi kuyasema akikabiliwa ana kwa ana sebuleni huyasema akiwa upande wa pili wa mbuni. Sala ya Malaika wa Bwana saa sita mchana haichukui dakika tano, na inaipa kazi mpaka: watu wanasimama, wanasali, wanakula ndizi na maharage, wanakaa kivulini. Anayefundishwa kusimamisha kazi ili asali amejifunza kwamba kazi si bwana wake.

Kuna familia ambazo hazina uhuru huo. Kagera nzima inaifahamu biashara ya butura, ambapo mkulima mwenye shida huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya chini, ili apate fedha za haraka. Msimu unapofika mavuno si yake tena, na familia hutafuta vibarua katika mashamba ya wengine, watoto wakiwemo. Kuwahubiria watu hao mapumziko bila kugusa butura ni maneno matupu. Waraka *Rerum Novarum* wa Papa Leo XIII, wa Mei 1891, uliweka pumziko la Dominika na ujira wa haki katika hoja moja, kwa sababu asiyelipwa vya kutosha hawezi kupumzika. Ushirika unaolipa kwa wakati, vikoba vinavyokopesha kwa riba nafuu, na jumuiya inayomsaidia mwenye mgonjwa kabla hajaiuza kahawa yake changa, vyote ni ulinzi wa Dominika.

Tuisheni na siku tupu

Adui wa pili wa pumziko anakuja akiwa amevaa sare. Wazazi wengi, kwa nia njema, huona likizo kama wiki za kufidia alama. Mtoto wa darasa la saba anasubiri mtihani wa Septemba, wa kidato cha pili na cha nne anasubiri wa Novemba, na tuisheni huanza siku chache baada ya shule kufungwa. Mtoto aliyebaki nyuma katika hisabati anahitaji msaada, na hakuna ubaya kumpatia saa chache kwa wiki. Tatizo ni ratiba inayomtoa asubuhi na kumrudisha jioni siku sita za wiki, na wakati mwingine hata Dominika. Huyo hakupata likizo, alibadilishiwa darasa. Anajifunza pia kwamba thamani yake ni alama zake, fundisho linalopingana na la Kanisa, kwamba mtu ana hadhi kabla hajafanya lolote.

Adui wa tatu ni siku isiyo na kitu. Mtakatifu Yohane Bosco, padri wa Torino aliyeishi kati ya vijana maskini katika karne ya 19, alizilinganisha likizo na mavuno ya zabibu ya shetani. Aliwaona vijana waliotoka kwake wakiwa wema wakirudi baada ya wiki chache wakiwa wameharibika. Lakini hakuzifuta wala hakuwafungia ndani. Kila majira ya kupukutika kwa majani aliwachukua vijana wake kwa miguu hadi Becchi, kijijini alikozaliwa, wakiwa na bendi, nyimbo na michezo, na baadaye safari hizo zikaenea katika vijiji vya Monferrato. Walicheza, walisali, walikula walichopewa na wanakijiji. Aliijaza likizo bila kuigeuza shule.

Omurushaka, Kayanga na Nkwenda zina vibanda umiza, simu zenye intaneti, na vijana wanaobeti mikeka ya mpira kuanzia asubuhi. Binti aliyeachwa nyumbani peke yake kutwa nzima yuko katika hatari ambazo kila mwalimu anazijua pale shule zinapofunguliwa na dawati moja likabaki wazi. Kulinda pumziko la mtoto kunaanza na mzazi kujua mtoto yuko wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Pumziko na uvivu hutofautishwa kwa matokeo: aliyepumzika huamka akiwa tayari kwa watu wengine, aliyezurura kutwa huwa amechoka zaidi kuliko jana.

Imani inarudi nyumbani

Mwanafunzi wa shule ya bweni ya Kikatoliki husali kwa kengele. Misa ipo, rozari ipo, mlezi yupo. Likizo humwondolea kengele hizo, na hapo ndipo inapoonekana kama sala ilikuwa yake au ya shule. Kwa sababu hiyo seminari humpa mseminari likizo huku zikimtarajia ajitambulishe kwa paroko wake, ashiriki maisha ya parokia, na paroko atoe maoni juu ya mwenendo wake. Kanisa la Kagera lina uzoefu mrefu wa jambo hilo. Seminari ya Rubya ilianza mwaka 1904, na huko ndiko mapadri wazalendo wa kwanza wa Tanganyika walikopata daraja tarehe 15 Agosti 1917.

Historia ya ukanda wa Ziwa Viktoria ina ushahidi mkubwa zaidi. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama Mababa Weupe, waliingia Buganda Februari 1879. Novemba 1882 waliondoka kwa sababu za usalama, wakavuka hadi kusini mwa ziwa, wakaanzisha misheni ya Bukumbi karibu na Mwanza, na hawakurudi Buganda hadi Julai 1885. Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu waamini wachache walioachwa hawakuwa na padri. Walifundishana majumbani na katika makazi ya vijana wa kasri, na wamisionari waliporudi walikuta idadi imeongezeka. Kutoka katika kundi hilo walipatikana mashahidi wa Uganda. Kizito, mdogo kuliko wote, mwenye umri wa miaka ipatayo 14, alibatizwa na Karoli Lwanga, kijana mwenzake, siku chache kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Imani iliyostahimili moto ilikuwa imelelewa nyumbani, na vijana wakubwa kwa wadogo.

Jimbo Katoliki la Kayanga, linalohudumia Karagwe na Kyerwa, lilizaliwa tarehe 14 Agosti 2008 Papa Benedikto XVI alipoligawa Jimbo la Rulenge, na Almachius Vincent Rweyongeza akawa askofu wake wa kwanza. Ni jimbo la vijijini, lenye parokia zenye vigango vya mbali. Vigango vingi vya namna hiyo havimpati padri kila Dominika, na katekista ndiye anayeongoza Ibada ya Neno. Mwanafunzi aliyezoea kanisa kubwa la shule anaweza kukidharau kigango cha kwao chenye mabenchi machache. Mzazi mwenye busara humtafutia kazi hapo: asome somo la kwanza, aingie kwaya, awafundishe watoto wadogo sala, au amsaidie katekista kuandaa daftari za wanaojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Anayetumika hapo hahitaji kuambiwa kwamba Kanisa ni lake.

Jumuiya ndogondogo ni nafasi nyingine. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, walizifanya kipaumbele cha uchungaji mwaka 1976, na hadi leo ndizo zinazowakusanya majirani kwa sala, michango na misiba. Mara nyingi watoto hubaki nje wakicheza wakati wakubwa wanasali. Likizo ni wakati wa kuwaingiza ndani na kuwapa sehemu, kwa kikao kifupi chenye nyimbo wanazozijua. Utoto Mtakatifu, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, una nafasi yake kwa wa shule za msingi. TYCS ni ya wanafunzi, VIWAWA ya vijana wafanyakazi. Parokia ikiandaa kambi au mafungo, yawe ya siku chache yenye michezo, kitubio, adorasio na usingizi wa kutosha, na wawepo walezi wa kike na wa kiume wanaofahamika kwa wazazi. Kambi yenye vipindi kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane inarudia kosa lile lile la tuisheni.

Safari, milima na wazee

Pumziko lina haja ya mahali, na Karagwe na Kyerwa hazina uhaba wa mahali. Henry Morton Stanley alipopita Karagwe mwaka 1876, enzi za mtawala wake, Mukama Rumanyika, alitembelea chemchemi za maji moto za Mtagata na kuwakuta watu waliokuja kuoga na kutafuta nafuu ya maradhi. Chemchemi hizo ziko Kyerwa. Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa zilipandishwa hadhi mwaka 2019. Matembezi ya siku moja ya watoto wa parokia kwenda kuona vilima, mto Kagera au wanyama ni katekesi ya uumbaji bila ubao. Papa Fransisko, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, aliunganisha Dominika na Sabato pamoja na utunzaji wa ardhi, akikumbusha kwamba Sheria ya Musa iliiachia hata ardhi mwaka wa kupumzika. Mkulima anayejua kibanja kilichochoka kwa kukosa samadi na matandazo haoni shida kulielewa hilo.

Hija nazo zina nafasi. Kituo cha Nyakijoga huko Mugana, Jimbo la Bukoba, kinawapokea waamini wanaomheshimu Bikira Maria. Mahujaji wa Tanzania ni miongoni mwa wanaokwenda Namugongo kila Juni 3. Injili ya Luka inaonyesha kwamba hata Familia Takatifu ilisafiri kwenda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka, pamoja na ndugu na jamaa, msafara mkubwa kiasi kwamba wazazi walitembea siku nzima wakidhani mtoto yuko na ndugu. Familia isiyo na nauli haijakosa hija: kwenda kwa miguu hadi kanisa la parokia, rozari mkononi, kunatosha.

Safari iliyo rahisi kuliko zote ni ya kwenda kwa babu na bibi. Watoto wa Karagwe wanaozaliwa Dar es Salaam na Mwanza huletwa nyumbani hasa Desemba, kwa Krismasi, na wengine Juni. Kwa bibi wanakutana na lugha ya Kinyambo, na kibanja, na sala zilizokaririwa tangu zamani kabla ya kulala. Mwaka 2021 Papa Fransisko aliianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Dominika ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Yoakimu na Anna, wazazi wa Maria. Wiki mbili kwa bibi asiye na haraka humfundisha mtoto kusali kuliko semina nyingi, kwa kuwa anamwona mtu anayesali hata asipotazamwa.

Nani anampumzisha mama?

Likizo ya mmoja huweza kuwa mzigo wa mwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 na pumziko la angalau saa 24 kwa wiki. Mkulima hana sheria hiyo, na mama mkulima hana hata siku moja. Watoto wakirudi, sufuria inaongezeka, maji yanaongezeka, nguo zinaongezeka. Dominika inayowapumzisha wote isipokuwa aliye jikoni haijatimiza amri, kwa maana Katekisimu inakataza kuwadai wengine kazi zisizo za lazima zitakazowazuia wao kuishika siku hiyo. Wana wa kiume wanaweza kuteka maji, kupasua kuni na kumenya ndizi Jumamosi jioni ili mama naye aende Misa ya kwanza bila kutazama saa. Hilo ni tendo la imani, na ni rahisi kulipima.

Kabla shule hazijafungwa, kila familia ya Bugene inaweza kukaa jioni moja na kukubaliana mambo machache: Dominika zote ni za Misa au Ibada ya Neno na za kupumzika, mvua isipotishia kahawa, kazi ya shamba kwa watoto ina saa ya kuanza na ya kuisha, masomo ya ziada yasivuke asubuhi chache kwa wiki, sala ya jioni ni ya wote, simu zikiwa zimewekwa kando, na kila mtoto ana kazi moja katika jumuiya au kigango. Maparoko na viongozi wa jumuiya nao watangaze ratiba ya likizo mapema, Mei, kabla vibarua na tuisheni havijaijaza. Kahawa ya mwaka huu itauzwa na fedha zake zitaisha. Mtoto aliyezoeshwa kumpa Mungu na familia yake muda wao ataendelea kuvuna likizo hiyo atakapokuwa mzazi.